Wasiwasi si kusahau (Sehemu ya 3)

Ndugu zangu, tuendelee. Tangu sehemu ya pili, swali linalonijia zaidi ni hili: "Sista, mama anafunga mlango, anarudi kuuangalia, analala, anaamka tena kuuangalia. Si ndiyo usahaulifu huo?" Huku kwetu Chiungutwa majibu ya mtaani nayajua: kasahau, karogwa, au imani yake ndogo.

Tuanze na neno lenyewe. Wasiwasi tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kunong'onezwa. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita msomi Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi kwa pamoja. Humo wasiwasi aliutenga na hasira, huzuni na hofu, akaueleza kama tatizo lenye tiba yake.

Ulaya ilichelewa. Mwaka 1838 daktari Mfaransa, Esquirol, alichapisha habari za Bibi F., mwanamke wa miaka 34 aliyekuwa akishika hesabu za biashara. Alikuwa akiogopa kwamba akirudisha chenji, kitu cha thamani kitabaki vidoleni mwake. Akawa anasugua mikono muda mrefu. Alijua kabisa ni upuuzi, ila kuacha hawezi.

Hapo shikeni vizuri. Akili ipo, kumbukumbu ipo, kinachokwama ni kuacha. Kuanza jambo, kulibadilisha na kulisitisha ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo ikishirikiana na sehemu za ndani. Wenye ugonjwa huu, ambao hospitalini tunauita OCD, wakipimwa huwa nyuma kidogo kwenye kazi hizo. Kidogo tu. Mzee anayepotea njia ya kwake au kusahau majina ya wanawe ana jambo lingine, huyo mleteni apimwe.

Sasa kumbukumbu. Mwaka 2003 Waholanzi Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa wanafunzi wazima, wasio na ugonjwa, jiko la gesi la kwenye kompyuta: washa, zima, kagua, rudia tena na tena. Kundi jingine likakagua taa. Mwishoni wote wakaulizwa kuhusu jiko. Wa jiko walijibu kwa usahihi uleule kama wenzao, lakini picha kichwani ilikuwa imefifia na hawakuyaamini majibu yao wenyewe. Yaani kukagua hakukuharibu kumbukumbu, kulimaliza imani ya mtu juu ya kumbukumbu yake!

Kwa hiyo mama akikuuliza mara ya kumi, "Nimefunga?", nawe ukajibu, "Umefunga mama," umemwongezea ukaguzi wa kumi. Najua unajibu kwa upendo.

Njia ya kutoka ilianza London mwaka 1966, na hapa wauguzi tumo. Mwanasaikolojia Victor Meyer alikuwa na mgonjwa wa kunawa kusikoisha. Akawaweka wauguzi wakae naye kutwa na kumzuia asinawe, hata bomba la chumbani likafungwa. Hofu ilipanda, kisha ikashuka yenyewe bila maji.

Msije mkamfungia mtu maji nyumbani jamani. Siku hizi kazi hiyo inafanywa hatua kwa hatua, mgonjwa akiwa amekubali, na mtu aliyeisomea. Sehemu ya 4 ni ya dawa: klomipramini, ambayo Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1989.