Jina la Mwisho ni la Nani?

Rais wa Tanzania anaitwa Samia Suluhu Hassan. Nyumbani watu husema Rais Samia, au Mama Samia, na hakuna anayeona heshima imepungua kwa kutumia jina lake mwenyewe. Ng'ambo, ambako desturi ni kumtaja kiongozi kwa jina la mwisho, magazeti huandika Rais Hassan. Kwa sikio la Mzanzibari hapo ametajwa mtu mwingine. Samia ni yeye, Suluhu ni baba yake, Hassan ni babu yake.

Mtazame sasa Rais wa Zanzibar, Hussein Ali Mwinyi. Ali ni baba yake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyeiongoza Tanzania tangu 1985 hadi 1995. Kama mpango ule wa mwana, baba na babu ungefuatwa, mwana angeandikwa Hussein Ali Hassan. Lakini Hassan limerukwa na Mwinyi limebaki. Visiwa ni vilevile na dini ni ileile, ila jina la tatu la Samia na jina la tatu la Hussein hayafanyi kazi moja. La kwanza linamtaja babu. La pili limekwisha kuwa la nyumba nzima, nalo lilianzia kwenye cheo, kwani mwinyi ni mwenye mji, mtu wa mamlaka na heshima.

Fomu za serikali hazioni tofauti hiyo. Yote mawili huyaita jina la ukoo. Tunaopenda kuchimba asili ya majina tumeirithi kasoro hiyo, tukikutana na jina geni twakimbilia kuuliza lina maana gani. Naamini swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza liwe hili: jina hili ni la aina gani? Nani alikuwa nalo kwanza, na limewafikiaje walio nalo leo?

Kiswahili kina istilahi za kutusaidia, tukikubali kuzitenganisha. Ya kwanza ni ubini. Neno bin la Kiarabu, yaani mwana wa, lilipokelewa pwani zamani sana pamoja na mwenzake binti: Juma bin Ali, Asha binti Ali. Kisha Kiswahili kikalitia kiambishi u- na kupata nomino ya dhana, kama kilivyopata utoto na udugu. Kamusi hulieleza ubini kuwa ni jina la baba au la ukoo, lakini umbo lenyewe linasema wazi kwamba ni hali ya kuwa mwana wa fulani. Ubini wa kweli haudumu. Mtoto wa Juma bin Ali ataitwa Salim bin Juma, na Ali atasogea nyuma hatua moja, hadi siku moja atakumbukwa na wasomaji wa nasaba peke yao.

Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 karibu na Tanga, aliandikwa pia Shaaban bin Robert. Alikuwa Mwislamu, na Robert ni jina la baba yake. Maktaba nyingi duniani humpanga chini ya Robert, kana kwamba pana ukoo wa akina Robert uliomzaa malenga huyo. Neno bin likisimama mahali pake, msomaji anaona uhusiano. Likiondolewa, majina mawili yanabaki yametazamana bila kueleza undugu wao. Na katika karne ya 20 liliondolewa karibu kila mahali, kwenye madaftari ya shule, orodha za mishahara na vitambulisho. Bara navyo vilikuwapo viunganishi vya namna hiyo. Wakikuyu husema wa, kama katika Ngũgĩ wa Thiong'o. Wakalenjin husema arap, kama katika Daniel arap Moi, na moi kwa lugha yao ni ndama. Waliovishika viunganishi hivyo wameturahisishia kazi.

Ubini uliopoteza kiunganishi huweza kuganda. Kuganda ndilo neno ninalopendekeza kwa jambo hili, kwa sababu ndilo lililozaa sehemu kubwa ya majina tunayoyaita ya ukoo leo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mwalimu Julius Nyerere. Alipozaliwa mwaka 1922 mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Julius alilipata kwa ubatizo, baadaye sana. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, chifu wa Wazanaki, naye alipewa kwa sababu alizaliwa, yapata 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi. Nyerere ni kiwavi. Kwa Julius, basi, jina hilo lilikuwa ubini: Kambarage mwana wa Nyerere. Kwa wanawe na wajukuu limekuwa jina la ukoo. Kila anayelibeba sasa anabeba kumbukumbu ya viwavi wa mwaka ambao yeye hakuuona, na anayetafuta maana ya jina hilo katika tabia au kazi ya ukoo huo hataipata. Maana ilikuwa ya mtoto mmoja, mwaka mmoja.

Kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, ubini unaonekana ukiganda kwa njia mbili katika nyumba moja. Majina ya Kijaluo husimulia kuzaliwa: Otieno ni wa usiku, Onyango ni wa jua linapopanda asubuhi, Okoth ni wa mvua, na wa kike huanza na A, kama Atieno na Akoth. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Oginga mwana wa Odinga. Katika wanawe, mmoja tulimjua kama Raila Odinga na mwingine anajulikana kama Oburu Oginga. Raila alibaki na jina la babu, Oburu akashika la baba. Baba ni mmoja, mama ni mmoja, na majina ya mwisho ni mawili. Mtafiti wa kesho atakayeamini kwamba jina la mwisho ndilo ukoo atawahesabu ndugu hao kuwa watu baki.

Istilahi ya pili ni nisba. Wanazuoni wa Kiarabu huita hivyo jina linalomfunga mtu na kabila, mji au chuo, na mara nyingi huishia kwa -i: Mazrui, Busaidi, Barwani, Nabhani. Ubini hupanda ngazi ya baba kwa baba, lakini nisba huiruka ngazi yote na kutaja asili moja kwa moja. Jina kamili la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, linaonyesha sehemu zote kwa utaratibu wake. Hamed ni jina lake. Bin Muhammed bin Juma bin Rajab ni mlolongo wa ubini. El Murjebi ni nisba ya kabila lake la Oman. Tippu Tip ni lakabu aliyopachikwa huku bara. Wapo waliosema ni mlio wa bunduki zake, na wapo waliosema ni namna alivyokuwa akipepesa macho. Mtu mmoja alikuwa na majina ya aina nne, na vitabu vingi vimeshika la nne tu.

Nisba yataka uangalifu, kwa kuwa haitaji kitu kimoja siku zote. Mazrui, waliotawala Mombasa hadi 1837, na Nabhani, waliotawala Pate, wanabeba nasaba za Oman. Nabhani ndiyo nisba ya Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, mshairi aliyeyakusanya maneno ya Kiswahili kama mtu akusanyavyo mali, na anayetajwa kuwa ndiye aliyeunda neno runinga. Lakini Sheikh Uways al-Barawi, aliyeieneza tarika ya Qadiriya hadi Zanzibar, aliitwa Barawi kwa mji wake wa Barawa, na Qadiri kwa tarika yake. Kabila, mji na njia ya ibada vyote huvaa -i ileile. Jina la Bulsara nalo, ambalo Freddie Mercury alizaliwa nalo Zanzibar mwaka 1946, linatokana na Bulsar, mji wa Gujarat unaoitwa sasa Valsad. Kazi yake ni ya nisba ingawa halina Kiarabu ndani yake.

Nisba iliyobishaniwa kuliko zote ni Shirazi. Ilifika hadi kwenye siasa, katika jina la chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa 1957. Wengine walidai kwamba ni fahari ya kubuni, wengine kwamba ni historia tupu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa chembe za urithi za watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika zaidi upande wa mama, na ya Uajemi upande wa baba. Simulizi za wazee zimepata nguvu, ingawa si kila anayeitwa Shirazi leo amethibitishiwa babu wa Shiraz. Nisba hueleza kile ambacho nyumba imekisema juu yake yenyewe kwa vizazi vingi, nacho chastahili kusikilizwa kabla ya kupimwa.

Majina mengine ya pwani yalianza kama lakabu ya mtu mmoja na kuwa ya kizazi kizima. Jamal al-Layl, maana yake ngamia wa usiku, ni jina la masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Habib Swaleh wa Lamu, aliyetoka Ngazija na kuanzisha Msikiti wa Riyadha, alikuwa wa nyumba hiyo, na jina hilohilo ndilo la nasaba inayotawala Perlis huko Malaysia. Jina limevuka bahari pande zote mbili.

Jina la ukoo lenyewe, kwa maana ya neno, lipo pia, na halina haja ya kuganda kwa sababu tangu hapo lilikuwa la wote. Nenda Kilimanjaro. Mushi, Massawe, Lyimo, Mrema, Swai, Tarimo: kila mtoto, wa kiume kwa wa kike, huzaliwa ndani ya jina hilo, na wazee wakilisikia huuliza papo hapo ni wa upande gani wa mlima. Ukisikia Marealle, umefika Marangu. Kwa Wanyakyusa kiambishi Mwa- ndicho kinachoubeba ukoo, kama katika Mwakyembe na Mwandosya. Taita na kwa Wamijikenda zimo Mwa- nyingi pia, na anayedhani zote zimetoka chungu kimoja kwa kuwa zinafanana sikioni atazipotosha nasaba za watu.

Rwanda na Burundi zilikwenda njia nyingine kabisa. Huko kila mtoto hupata jina lake, nalo mara nyingi ni sentensi nzima. Habyarimana ni kusema kwamba Mungu ndiye azaaye, Nkurunziza ni habari njema. Ndugu wa tumbo moja waweza wasishiriki jina hata moja, na undugu wao haupungui.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba majina ni ya wanaume. Mlolongo wa bin ulimtaja binti mwishoni tu, kisha ukaendelea na kaka yake. Ndiyo maana kisa cha Wangari Maathai kinanigusa. Alizaliwa mwaka 1940, Wangari binti wa Muta, akaolewa na Mwangi Mathai. Walipoachana mwaka 1979, mume alimtaka aliache jina lake. Wangari aliongeza a moja, akawa Maathai, na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Jina la mwisho alilolivaa si la baba wala la mume. Ni lake, na nasaba yake inaanza na yeye.

Yako pia majina yanayofika ukutani. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke na Stanley katika safari za bara, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa India. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika huko India, Mubarak ni mbarikiwa, na Bombay ni mji. Hakuna hata moja alilopewa na mama yake. Kwa wajukuu wa waliouzwa, swali la maana ya jina linaleta habari za mnunuzi, na swali la aina ya jina ndilo linaloeleza yaliyompata babu.

Kwa hiyo nawaomba wanaoanza kuchimba majina ya kwao wafuate mpango. Andika mlolongo mzima, na kati ya kila majina mawili uweke kiunganishi kilichopotea: bin, binti, wa, arap. Tafuta kizazi ambacho jina liliganda, na sababu yake. Mara nyingi utaikuta kwenye daftari la ubatizo, hati ya nikaha, stakabadhi ya kodi au shauri la mirathi kwa kadhi. Angalia tahajia, kwa kuwa makarani waliandika walivyosikia. Baada ya hapo ndipo umwendee mzee anayeijua lugha ya jina, umuulize maana.

Na kwa wanaotunga fomu na kamusi: ubini, nisba, lakabu na jina la ukoo ni mambo manne, na Kiswahili kinayo maneno manne. Kuyarundika yote chini ya neno moja kunawalazimisha watoto wetu kuwa wajukuu wa watu wasiowajua. Fomu iulize jina la baba pale inapotaka la baba, na la ukoo pale mwenyewe anapokuwa nalo, na iruhusu nafasi ibaki wazi kwa asiyekuwa nalo.