Njia ya Shubiri Mbili

Somo letu la leo ni la historia, nalo linahusu upana wa njia. Pengine mmoja wenu atasema, upana wa njia una historia gani? Basi na tuanze na njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji.

Njia hiyo ilikuwa mashuhuri, lakini haikuwa pana. Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwamba njia za misafara zilikuwa na upana wa shubiri moja au mbili tu. Hebu pimeni shubiri mbili juu ya meza hapo mlipo. Pembe za ndovu zilizokwenda pwani, nguo na shanga zilizoletwa bara, na watu waliotekwa kuwa watumwa, wote walipita katika upana huo, mtu nyuma ya mtu. Gari la kukokotwa na ng'ombe halikufaa, maana mbung'o waliwaua ng'ombe njiani. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na bega la mtu halihitaji barabara. Mti ukianguka, waliuzunguka. Wakati wa masika majani yalipoifunika njia, watu walisema njia imekufa.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na kanuni zake. Penye njia panda, kirangozi aliyetangulia aliweka tawi kuziba njia isiyofuatwa, ili walio nyuma wasipotee. Watawala nao walidai hongo kabla msafara haujapita, na Ugogo ilisifika kwa hongo kubwa. Angalieni basi: kanuni hizo zilihusu nani apite na alipe nini. Ardhi ya kuachwa wazi haikupimwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, Stanley alizunguka kusini kupitia Ukonongo, akafika. Njia ya miguu iliweza kuhama kwa kuwa nchi ilikuwa wazi.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Hiyo ni njia isiyoweza kuzunguka mti.

Nyumba ya matofali nayo haihami. Siku hizi mwenye shamba kando ya mji hulikata viwanja akauza. Kila kiwanja kina bei, njia haina bei, kwa hiyo huibana njia. Mnunuzi wa kwanza hupita na baiskeli yake wala haoni tabu. Nyumba zikijaa, gari la zimamoto halipiti, na mgonjwa huchukuliwa mgongoni mpaka barabarani, kama mzigo wa mpagazi.

Ndiyo sababu sheria hutaka mchoro utangulie nyumba. Ilikuwako sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1956. Mahali pake sasa pana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mjini, anayetaka kugawa ardhi yake viwanja huomba kibali kwa mamlaka ya mipango, yaani halmashauri, na mchoro wake huonyesha barabara pamoja na viwanja. Kwa hiyo wewe unayenunua, usiridhike na kuonyeshwa mawe ya mpaka. Omba kuuona mchoro ulioidhinishwa.

Barabara kuu na za mkoa zina sheria yao, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Hapo kwanza ilikuwa mita 22.5. Wengi hudhani kipimo hicho ni cha kila njia ya mtaani. Sivyo.

Kabla ya somo lijalo, pimeni kwa hatua njia inayokuja darasani kwenu, mwandike tarakimu yake daftarini. Kisha mwulizeni mzee mmoja njia hiyo ilikuwa na upana gani alipokuwa kijana, mwandike na jibu lake.