Viwanja Viwili vya Mwaka 1994

Kwetu Rubona, uwanja mkubwa wa jirani ni Umuganda, mjini Gisenyi, uliochezewa mechi za CHAN mwaka 2016. Lakini historia ya Rwanda inaonyesha kuwa uwanja hutumika kwa mengi kuliko mpira.

Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Amahoro, Kigali, uliolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Makombora yaliua baadhi yao, ila wengi walinusurika. Kibuye, kusini mwetu kando ya ziwa lilelile la Kivu, viongozi waliwaelekeza watu Uwanja wa Gatwaro. Tarehe 18 Aprili mauaji yakaanza humo, na maelfu wakafa. Mwaka 1999 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimhukumu Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa huo, kifungo cha maisha.

Ukuta uleule unaoweza kukinga watu unaweza pia kuwafungia. Naona tofauti ilitokana na waliosimama langoni. Basi tunapoandika historia ya uwanja, tukishahesabu viti na mabao, tuulize pia nani alishika lango.