Corona na michezo ya vijana: Nani alikuwa na kauli Unguja?

MKOKOTONI, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, ipo ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, lakini kijana anayecheza soka huko yuko chini ya mamlaka tofauti na mwenzake wa Tanga au Bagamoyo. Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa corona.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, mjini Arusha. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule na kusitisha michezo yenye mikusanyiko, yakiwamo mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA). Mwezi huo huo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ilifunga shule na kusimamisha michezo.

Matamko yalikuwa mawili kwa sababu michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba ya mwaka 1977. Elimu ya msingi na sekondari nayo haimo, ingawa Baraza la Mitihani la Taifa limo. Kwa hiyo Bara ina Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na Shirikisho la Soka (TFF), wakati Zanzibar ina Baraza la Taifa la Michezo (BTMZ), shirikisho lake la soka (ZFF), na madaraja yake ya vijana, yakiwamo Juvenile, Junior na Central.

Mei 21, 2020, Rais John Magufuli alitangaza kuwa michezo ingerejea Juni 1. Ligi Kuu Bara ilianza tena Juni 13, na shule zote za Bara zikafunguliwa Juni 29. Zanzibar nayo ilimaliza ligi yake, Mlandege ikatwaa ubingwa.

Majirani walichukua njia nyingine. Kenya ilifuta msimu wa soka Aprili 30, 2020, na wanafunzi wote walirejea shuleni Januari 2021. Uganda ilifungua shule zote Januari 10, 2022.

Hata hivyo, uamuzi uliowaumiza vijana wa pande zote ulitoka nje. Desemba 2020, FIFA ilifuta Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililopangwa kufanyika Peru mwaka 2021. Machi 2021, CAF ikafuta fainali za Afrika za umri huo nchini Morocco, ambazo Tanzania ilikuwa imefuzu.

Ligi ya wakubwa huweza kuahirishwa, mchezaji akasubiri. Michezo ya umri haisubiri: kijana aliyezaliwa mwaka 2004, awe wa Mkokotoni au wa Mwanza, alikuwa amevuka umri mashindano hayo yaliporejea mwaka 2023.