Gari la Kwetu ni Lipi, na Kwetu ni Wapi?

Kuna mjadala hapa Kenya haujawahi kuisha, na najua umeusikia: ukipata doo ya gari, ununue la kwetu au la wageni? Kuna wale wa "tujenge kwetu kwanza" na kuna wale wa "Toyota, halafu Mungu." Mimi nimekulia Busia, Uganda iko hapo tu ng'ambo ya geti, na naona mjadala huu huanzia mahali pabaya. Watu hukimbilia kuuliza gari la kwetu ni zuri kiasi gani. Hakuna anayeuliza kwetu ni wapi.

Kwa mtu wa Nairobi swali hilo ni la kupoteza wakati. Huku ni la historia. Hadi mwaka 1902, kwenye ramani za Mwingereza, Busia na Malaba zilikuwa Uganda. Nchi yote hii hadi kando ya Naivasha ilikuwa Uganda. Kisha Aprili mwaka huo London ikaikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuupachika upande ambao baadaye ulikuja kuitwa Kenya. Hakuna aliyehama nyumba. Wateso wakaamka wako nchi mbili, Wasamia vilevile. Idi Amin alipoanza kudai ardhi hii mwaka 1976, ramani hiyo ndiyo aliyokuwa anaipunga.

Sasa rudi kwa magari. Au tuseme, tuanze na baiskeli, ju huku ndiko usafiri wa kienyeji ulizaliwa kweli. Vituo vya mpaka vilikuwa vimeachana karibu kilomita moja, na mtu mwenye mzigo asiye na karatasi za gari alilazimika kutembea hapo katikati kwa miguu. Vijana wa baiskeli wakaona biashara. "Border, border!" wakawa wanaita wateja, na leo neno boda boda liko kila mahali, hata mbali kabisa na mpaka wowote. Hiyo ndiyo bidhaa kubwa zaidi ya uchukuzi ambayo mpaka huu umewahi kuipa dunia, na angalia ilibebwa na nini: Raleigh ya Mwingereza, baiskeli za Mhindi, baiskeli za Mchina. Leo pikipiki yenyewe ni Bajaj Boxer au TVS, zote za India. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu wa boda si mzalendo. Wazo ni letu, chuma ni cha wengine, na fundi aliye chini ya mwembe anaijua kila nati.

Shika hiyo ya fundi, tutarudi kwake.

Kama una mzazi au babu aliyesafiri kutoka huku kwenda Kisumu au Nairobi zamani, muulize kuhusu "Pijo". Atatabasamu. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa gari la mwaka Ulaya 1969, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Ile ya viti vya safu tatu ndiyo iliyofanywa matatu ya masafa marefu huku Magharibi. Wazee wanaongea kuihusu kama jamaa aliyekufa akiwa bado na nguvu. Lakini kitu ambacho hawakisemi, na pengine hawakukijua, ni kwamba Peugeot nyingi hizo ziliunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na viwanda vitatu vya namna hiyo: hicho cha Mombasa, General Motors Nairobi, na Leyland ya Thika iliyoandikishwa mwaka 1974. Vipande vilikuja kwa meli, Wakenya wakavifunga, wakapaka rangi, gari likatoka. Serikali ilikuwa na hisa humo.

Kwa hivyo Pijo ilikuwa ya kwetu ama ya Mfaransa? Mimi nasema jibu lilitoka barabarani. Ilikuwa ya kwetu siku ambayo ungeweza kuharibikiwa kijiji chochote kati ya Busia na Kisumu na mtu akatoka kwake na spana akijua anachofanya. Jina la kampuni halikuhusika. Si mnakumbuka kwa miaka mingi matatu ya watu kumi na wanne iliitwa "Nissan" hata ikiwa Toyota HiAce? Watu walishaichukua ikawa mali yao, wakaipa jina wanalotaka.

Halafu kuna ile iliyokuwa ya kwetu kwa jina kabisa.

Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Alisema hata likiwa na sura mbaya, hata likienda polepole, liwe letu tu. Wahandisi wakaingia kazini, na karakana za reli zikasaidia. Tarehe 27 Februari 1990, pale Kasarani, magari ya mfano yakaonyeshwa: Nyayo Pioneer. Yalitengenezwa matano na yaliweza kufika kilomita 120 kwa saa. Kampuni ikaundwa ya kuyazalisha, Nyayo Motor Corporation. Kisha hakuna. Pesa za kiwanda hazikupatikana, na kampuni hiyo ikageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, ambayo kazi yake imekuwa kuchonga vipuri vya chuma na gia za mashine. Yaani mahali palipotakiwa kutoa gari paliishia kutoa spea. (Ya lori la Nyumbu la kule Kibaha, Tanzania, tutaiongea siku nyingine, nayo ina mambo yake.)

Watu wa rika langu wanacheka Nyayo Pioneer. Iko kwenye meme. Mimi inaniuma kidogo, kwa sababu mzaha wenyewe unasema uongo. Unasema Wakenya waliletewa gari lao wakalikataa wakaenda Japan. Hakuna Mkenya aliyewahi kukataa Nyayo Pioneer. Haikuuzwa. Huwezi kushindwa sokoni kama hukufika sokoni.

Na wakati ule ule, mapema miaka ya 1990, milango ya biashara ikafunguliwa na gari la mtumba la Japan likaanza kumiminika. Viwanda vyetu vitatu vikabaki vinafanya kazi chini kabisa ya uwezo wao. Tangu hapo mtumba haujarudi nyuma. Leo magari mapya yanayouzwa rasmi Kenya kwa mwaka ni elfu kumi na kitu, mengi yakiwa malori na pikapu, na karibu nusu ni Isuzu zinazounganishwa Nairobi kwenye kile kiwanda cha zamani cha General Motors. Gari dogo la mwalimu, la nesi, la mtu wa duka? Hilo ni mtumba. Probox, Fielder, Demio.

Sisi wa mpakani mtumba tunauona kwa pande mbili. Simama Malaba asubuhi yoyote. Kati ya malori utaona magari madogo bila namba za Kenya, yameshuka melini Mombasa na yanavuka kwenda Kampala, mengine yanaendelea Rwanda, Sudan Kusini, Congo. Kenya hairuhusu kusajili gari lililozidi miaka minane. Uganda kikomo chao, tangu sheria ya 2018, ni miaka kumi na mitano. Kwa hivyo gari la miaka kumi na miwili linapita mbele ya lango lako, limekanyaga lami ya Kenya zaidi ya kilomita 900, na wewe kisheria huwezi kulisajili. Jirani yako aliye hatua mia tano mbele anaweza. Sheria ile ile ya kulinda soko la "kwetu" ukiitazama kutoka hapa inaonekana kama ukuta uliojengwa katikati ya sebule.

Nasema haya yote kwa sababu kuna pesa ya kweli mezani. Mjomba wangu amefundisha Jografia miaka zaidi ya thelathini. Amestaafu, pensheni ya mkupuo imeingia, na anataka gari. Amekataa mtumba katakata. "Mpwa wangu," aliniambia, "maisha yangu yote nimevaa mtumba, nimelalia mtumba, nimesomesha watoto kwa vitabu vya mtumba. Hii moja niachie niifungue nailoni mwenyewe." Unamjibu nini mtu kama huyo? Mimi nilinyamaza.

Na yeye ni wa kizazi cha Nyayo. Alikuwa mwalimu mdogo Pioneer ilipotoka, anakumbuka walivyolitangaza. Kwa hivyo miaka michache iliyopita alikuwa ameweka macho yake kwa Mobius. Kama hujui: kampuni iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, gari lenye mwili mgumu lililokusudiwa barabara zetu mbovu, mwanzoni likiunganishwa Thika, kwenye kile kile kiwanda kilichoanza kama Leyland. Mobius II iliuzwa kwa kama shilingi milioni 1.3. Kwa gari jipya, hiyo ni bei ya mtumba mzuri. Mjomba alikuwa na picha yake kwenye simu.

Agosti 2024 kampuni ikatangaza inafungwa kwa sababu ya madeni. Baadaye ikapata mnunuzi, na nawatakia heri, kwa kweli. Lakini nilifikiria mjomba angekuwa ameshanunua. Angeamka siku hiyo akiwa na gari ambalo hakuna fundi wa Busia aliyewahi kulifungua, na hajui taa ya nyuma ikivunjika apigie nani. Pensheni ni moja. Haiji mara ya pili.

Wale wa "Toyota, halafu Mungu" hapa ndipo husema, unaona, achaneni na ndoto. Polepole. Kuna hadithi moja ya hiyo Leyland ambayo inafaa isomwe kila darasa la biashara. Mwaka 1974, mwaka ule Leyland inaandikishwa Thika, mkubwa mmoja aliyekuwa ametoka British Leyland, George Turnbull, alikwenda Korea Kusini kufanya kazi na kampuni ambayo hadi hapo ilijulikana kwa kuunganisha Ford Cortina. Yaani walikuwa wanafanya kazi ile ile yetu ya Thika, kufunga vipande vya wenyewe. Wakachukua mchoro wa Mwitaliano, Giorgetto Giugiaro, wakachukua injini ya Mitsubishi, na mwaka 1975 wakatoa Hyundai Pony. Mwingereza, Mwitaliano, Mjapani, na bado dunia nzima inaiita gari la Korea. Hakuna aliyewauliza nati imetoka wapi. Waliendelea kutengeneza, wakaendelea kuuza, serikali yao ikawafungia soko la nyumbani wasilaliwe na Wajapani, hadi wakaanza kutengeneza vitu vyao wenyewe.

Kwetu serikali imejaribu mlango huo huo nusu nusu. Gari linalounganishwa hapa husamehewa ushuru wa forodha, na la kuletwa zima liliongezewa ushuru huo kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Vizuri. Lakini ushuru peke yake humfanya mwalimu alipe zaidi kwa Probox ile ile. Haumpi gari jipya la bei anayoweza. Volkswagen ilirudi Thika mwaka 2016 kwa shangwe, Rais akakata utepe, Peugeot ikafuata. Ingia mtaani kwetu uhesabu Vivo ngapi. Mimi nimehesabu. Mbili.

Kuna kitu kimoja mjadala wa Nairobi huwa haukioni. Fundi wetu hapa akikosa kipuri, simu ya kwanza hupigia mtu wa Kisekka, soko la spea la Kampala. Kampala iko kilomita 200 hivi. Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na katikati ya njia ya kwenda Kampala, Jinja, kuna kiwanda cha Kiira Motors. Hawa walianza kama wanafunzi na walimu wa Makerere. Novemba 2011 walitoa gari dogo la umeme la watu wawili, Kiira EV, na watu wakawacheka vilevile tulivyocheka Pioneer. Mwaka 2016 wakatoa basi la Kayoola lenye paneli za jua. Serikali yao haikuacha kuwapa pesa, mwaka baada ya mwaka, na leo mabasi yao ya umeme yanabeba abiria. Tofauti yao na Nyayo si akili. Wahandisi wa Nairobi walikuwa na akili. Tofauti ni kwamba mtu aliendelea kulipa bili baada ya sherehe kuisha.

Kwa hivyo nikiwa Busia, gari la kwetu lililo karibu zaidi linatengenezwa Uganda. Thika ni safari ya siku nzima. Kama tungekuwa bado kwenye ramani ya kabla ya 1902, ningekuwa najivunia Kiira kama gari la nchi yangu na kuiona Thika kama ugenini.

Nilimwambia mjomba hivi: pesa yako usiipe bendera. Nenda kwa mafundi watatu unaowaamini, uwaulize ni gari gani jipya wanaweza kulifungua wakiwa wamefumba macho, na kipuri kikikosekana kinachukua siku ngapi kufika Busia. Likiwa limeunganishwa Thika au Mombasa, heri zaidi, kuna kijana amepata mshahara. Lakini hilo liwe swali la pili. Nikamweleza pia habari za Jinja, kwa kirefu, kwa sababu ni mwalimu wa Jografia na nilijua atapenda ile ya kilomita.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na hao wa Jinja, hivi vigari vidogo wataanza kuuza lini?"