Julai Mosi kwa Majirani Zetu

Wanafunzi wetu wanapojifunza kutaja tarehe, huuliza kwa nini tunasema "Julai mosi" na si "Julai moja". Jibu la sarufi ni fupi. Tarehe yenyewe ina habari ndefu zaidi, nasi tumeichagua kwa ukurasa huu wa historia.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Vitabu vya shule hukumbuka zaidi Zanzibar, iliyoachiwa Uingereza, na kisiwa cha Heligoland, kilichokwenda Ujerumani. Sisi tunavutiwa na kifungu cha mpaka wa bara. Mstari ulivuka Ziwa Victoria kwa kufuata digrii 1 kusini ya ikweta, ukaenda magharibi hadi Kongo. Kisha likawekwa sharti: mlima Mfumbiro ukionekana kuwa kusini ya mstari huo, mstari upindwe ili mlima ubaki kwa Waingereza. Yaani waligawana mlima ambao hawakujua uko wapi! Rwanda na Burundi zikahesabiwa upande wa Wajerumani bila wafalme wake kuulizwa; Mjerumani von Götzen alifika mbele ya Mwami Rwabugiri mwaka 1894 tu. Mpaka wa huko ulikuja kupatanwa mwaka 1910, na Bufumbira ikabaki Uganda. Ndiyo maana wenyeji wengi wa Kisoro husema lugha iliyo ndugu wa Kinyarwanda.

Tarehe 1 Julai 1962, miaka 72 kamili baadaye, nchi hizo mbili zilipata uhuru kutoka kwa Wabelgiji, waliozitawala pamoja kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Umoja wa Mataifa ulitamani zibaki nchi moja, lakini zenyewe zilikataa. Rwanda ilianza kama jamhuri chini ya Rais Kayibanda, Burundi kama ufalme wa Mwambutsa wa Nne. Furaha ya Warundi ilikuwa na kilio ndani yake: Mwanamfalme Rwagasore, aliyeongoza chama chake kushinda uchaguzi wa 1961, aliuawa Oktoba mwaka huo huo.

Kwa upande wa Rwanda, uhuru uliwakuta maelfu ya Watutsi wakiwa wakimbizi tangu 1959 huko Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo. Wengi walijifunza Kiswahili huko, na waliorudi baada ya 1994 walirudi nacho. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya lugha rasmi.