Miwani na Meno ya Bandia: Ugomvi wa Gharama za Matibabu Katika Uingereza

Baada ya somo lililopita, mzee mmoja wa darasa letu la jioni aliniuliza: "Bwana Elimu, ni nani aliyeanza kusema kuwa mgonjwa asilipe?" Swali lake ni zuri, na jibu lake ni refu, kwa maana walioanza ni wengi na nchi zao ni mbalimbali. Leo nitawasimulieni habari za Uingereza, kwa sababu huko jambo hili lilianzishwa kwa watu wote kwa siku moja, na kabla miaka mitatu haijatimia likawagombanisha mawaziri wa chama kimoja. Na kilichowagombanisha, msicheke, ni miwani na meno ya bandia.

Zamani Mwingereza maskini alipougua alitegemea hospitali za hisani, au zile za halmashauri za miji, au alitafuta fedha ya daktari. Katika mwaka 1911 Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipitisha sheria ya bima. Mfanyakazi alikatwa peni 4 kila juma, tajiri wake akatoa peni 3, na Serikali ikaongeza peni 2. Mfanyakazi huyo alipougua alitibiwa na daktari. Lakini bima ile ilikuwa yake yeye mwenye kazi tu. Mkewe na watoto wake hawakuwamo. Mama wa nyumbani alivumilia maumivu yake mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa fedha ya daktari ndiyo hiyo hiyo fedha ya mkate. Nawaomba mwiweke habari ya mama huyu akilini, maana tutamhitaji baadaye.

Sasa tuje kwa Aneurin Bevan. Mtu huyu alizaliwa 1897 katika Tredegar, mji wa machimbo ya makaa huko Wales. Aliingia shimoni akiwa kijana mdogo, na baba yake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la makaa. Lakini wafanyakazi wa Tredegar walikuwa na chama chao cha matibabu. Kila mmoja alikatwa sehemu ndogo ya mshahara, na kwa fedha hizo waliajiri madaktari waliowatibu wao pamoja na wake zao na watoto. Kwa hiyo Bevan alipofanywa Waziri wa Afya mwaka 1945 hakuwa akiota ndoto. Jambo alilotaka kulifanya kwa nchi nzima alikwisha kuliona kwao kwa macho yake.

Mpango wenyewe ulikuwa umeandikwa kwanza na William Beveridge katika taarifa yake maarufu ya 1942. Beveridge alikadiria kuwa matibabu ya watu wote yatagharimu pauni milioni 170 kwa mwaka. Tena akadhani kuwa hata baada ya miaka ishirini gharama itabaki ile ile, maana watu wakisha kutibiwa watakuwa wazima, na mtu mzima haendi hospitali. Hesabu hiyo ilipendeza sana katika karatasi.

Sheria ilipitishwa 1946, na siku ya kuanza ikawekwa 5 Julai 1948. Madaktari wengi walipinga. Walipopiga kura Februari 1948, karibu tisa katika kila kumi waliikataa, kwa hofu ya kugeuzwa watumishi wa Serikali wa kulipwa mshahara. Bevan alikuwa mkali wa maneno, walakini alijua kulegeza kamba. Madaktari wa mitaa hawakuwekwa kwenye mshahara. Walilipwa kwa hesabu ya watu waliojiandikisha kwao. Mabingwa wa hospitali waliruhusiwa kuendelea pia na wagonjwa wao wa kulipa. Serikali ikachukua hospitali zaidi ya 2,600 za England na Wales, na kazi ikaanza siku ile ile iliyotajwa.

Basi watu wakaja kama maji yaliyovunja boma. Katika mwaka wa kwanza miwani iliyotolewa ilizidi milioni 5, na waliokwenda kwa madaktari wa meno walikuwa mamilioni. Magazeti mengine yakasema watu wana tamaa, wanachukua kwa kuwa ni bure. Mimi sikubali. Ni nani ang'oaye meno yake yote kwa tamaa? Waliokuja ni yule mama wa 1911 na binti zake. Lilikuwa deni la miaka arobaini, na sasa mwenye kudai amekuja kudai.

Hata hivyo deni ni deni, na lazima lilipwe na mtu. Gharama ilipita makadirio mara kwa mara, na Bevan alilazimika kurudi kuomba fedha zaidi. Tena mwaka 1950 vikaja vita vya Korea, na Serikali ikaamua kutumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika muda wa miaka mitatu. Tarehe 10 Aprili 1951 Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, akatangaza kuwa wenye kutaka meno ya bandia na miwani watalipa kiasi cha nusu ya bei. Alitazamia kuokoa pauni milioni 13 katika mwaka wa kwanza. Bevan, ambaye wakati ule alikuwa Waziri wa Kazi, alijiuzulu tarehe 22 Aprili, na baada yake wakajiuzulu Harold Wilson na John Freeman.

Msidhani kuwa Gaitskell alikuwa adui wa maskini. Hoja yake ni kwamba mfuko una mwisho, na asiyekubali kuchagua kipi kitangulie atachaguliwa na upungufu wenyewe. Bevan alijibu kuwa pauni milioni 13 si kitu mbele ya milioni 4,700, tena kwamba silaha zile hazingeweza kutengenezwa zote kwa muda uliowekwa. Akaonya kuwa ukisha kutoza kwa miwani, kesho utatoza kwa dawa. Katika mambo hayo mawili Bevan alisema kweli. Serikali ya Churchill iliyofuata ililazimika kupunguza mwendo wa silaha, na mwaka 1952 ikaanza kutoza shilingi moja kwa kila cheti cha dawa.

Serikali hiyo ilitaka kujua fedha zinavuja wapi, ikaunda kamati 1953 chini ya Guillebaud, mtaalamu wa uchumi wa Cambridge. Waliofanya hesabu ni Richard Titmuss na Brian Abel-Smith. Taarifa ilipotoka 1956 iliwashangaza wengi. Pauni zilikuwa zimeongezeka, naam, lakini sababu kubwa ni kupanda kwa bei. Mtu aliyenunua debe la mahindi kwa shilingi kumi mwaka jana, na mwaka huu akalinunua kwa kumi na tano, hakula zaidi. Walipopima gharama kwa pato la nchi waliona imeshuka, kutoka sehemu 3.75 katika mia hadi 3.25.

Ada ya dawa iliondolewa 1965 na Waziri Mkuu Harold Wilson, yule yule aliyejiuzulu pamoja na Bevan. Mwaka 1968, kwa shida ya fedha, yule yule akairudisha. Huko Wales, kwao Bevan, iliondolewa tena 2007.

Titmuss na Abel-Smith, tuliowataja, walikuja pia kwetu. Walikuwa miongoni mwa wataalamu walioandika taarifa ya 1964 juu ya huduma za afya za Tanganyika, na wakashauri vituo vya afya vya vijijini viangaliwe kwanza, kabla ya kuongeza hospitali kubwa za mijini. Nasi tulifika kwenye njia panda ile ile ya Gaitskell mwaka 1993, hospitali za Serikali zilipoanza kutoza ada, ingawa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na watu maskini walisamehewa katika maandishi. Mzee aliyeniuliza swali anakumbuka siku aliyorudi nyumbani bila dawa, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia cheti cha msamaha.

Kiongozi wa kikundi, kabla hamjatawanyika waulize wazee na akina mama swali hili: ada ilipoanza, ni nani katika kijiji chenu aliyeacha kwenda kutibiwa, na aliacha kwa ugonjwa gani? Andikeni majibu na kuyaleta ofisini kabla ya somo lijalo.